Wanataka stoo, makaratasi niyapeleke wapi?

Mpendwa Mshauri,

Mimi ni mkufunzi wa Historia katika chuo kidogo cha ualimu mkoani Tanga. Chuo kilianzishwa na wamisheni wa Kiingereza, kisha serikali ikakitwaa baada ya Sheria ya Elimu ya 1969. Nyuma ya bwalo tuna stoo ambayo kwa miaka mingi hakuna aliyeijali. Mwaka huu nimekabidhiwa funguo, nikakuta humo rejista za wanachuo tangu enzi za Mwingereza, vitabu vya mihtasari ya vikao, madaftari ya shamba, majalada ya nidhamu, na bahasha za picha zisizo na majina. Rafu ya chini imeshaanza kuliwa na mchwa.

Mkuu wa chuo ameniagiza niitoe mizigo yote kabla ya muhula mpya ili stoo iwe chumba cha kompyuta. Amesema nichague "vya maana", vilivyobaki vichomwe. Mwenzangu wa TEHAMA anasema tuskani vyote kisha karatasi zitupwe. Kamati ya jubilei nayo inataka kitabu cha wageni na picha kwa ajili ya maonesho. Sikusomea utunzaji wa kumbukumbu, bajeti sina, na sitaki kugombana na mtu. Nianzie wapi?

Mkufunzi Mwenye Funguo

Mwalimu,

Mchwa tuwaache kwanza. Cha dharura katika barua yako ni kiberiti. Chuo chako ni cha serikali, kwa hiyo yaliyomo kwenye stoo ile ni kumbukumbu za umma, na Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Na. 3 ya 2002, haimpi mkuu wa taasisi mamlaka ya kuziteketeza kwa uamuzi wake. Kibali hutolewa na Mkurugenzi wa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, iliyo chini ya Ofisi ya Rais, Utumishi.

Sikuambii haya ukamtishie Mkuu wako. Ana wanachuo wasio na kompyuta na ana chumba kinachonuka panya. Mtu yeyote angekitamani. Mpelekee habari hii kama kinga yake mwenyewe, kwa sababu mkaguzi akija kuuliza zilikokwenda rejista, jina litakaloandikwa kwenye ripoti si la mkufunzi wa Historia. Mwandikie dokezo sabili la ukurasa mmoja. Omba mambo matatu: kisichomwe wala kuuzwa chochote mpaka orodha ikamilike, utengewe chumba kingine, hata kidogo, na yeye mwenyewe asaini barua kwenda kwa Mkurugenzi akiomba ushauri wa kitaalamu. Barua ya Mkuu hujibiwa haraka kuliko simu ya mkufunzi, na ikishatoka masjala ikiwa na namba ya jalada, hakuna atakayekuja kusema suala hili lilikuwa hobi yako.

Kama atauliza faida, usianze na neno "urithi". Anza na mwalimu mstaafu. Aliyesoma hapo mwaka 1976, cheti chake kikaliwa na panya au kikaungua na nyumba, atarudi chuoni kutafuta uthibitisho, na kitakachomtetea ni mstari mmoja katika rejista yenu. Anayefuatilia mafao yake kwenye mfuko wa pensheni wa PSSSF, na majina yake yanatofautiana herufi mbili kati ya cheti na barua ya ajira, atarudi hapo hapo. Sote tunakumbuka uhakiki wa vyeti uliohitimishwa Aprili 2017, serikali ilipotangaza watumishi 9,932 waliokutwa na vyeti vya kughushi. Katika uhakiki wa namna hiyo, chuo chenye rejista kinajibu kwa nusu saa. Chuo kisicho nayo kinamwacha mtu wa haki ahangaike bega kwa bega na mghushi. Mkuu yeyote analielewa hilo, maana wanaohangaika huja kukaa kwenye benchi nje ya ofisi yake.

Sasa hilo agizo la kuchagua "vya maana". Hapa nitakuwa mkali kidogo. Kwa miaka niliyokaa kwenye kazi hii nimeona kumbukumbu nyingi zikiangamizwa na siku za usafi kuliko zilivyoangamizwa na wadudu. Mchwa hula taratibu, na unaweza kumkatiza njiani. Wanachuo ishirini wenye mafagio, toroli na mkufunzi wa zamu aliyechoka humaliza nusu karne kabla ya chai ya saa nne. Wakati huo kila mtu anajua kilicho cha maana: vyenye mihuri, vyenye saini za wakubwa, na picha ya kiongozi akikata utepe. Madaftari machafu yanakwenda shimoni, au kwa muuza karanga akafungie.

Nikupe mfano. Mwaka 1887 kilichapishwa Uingereza kitabu kiitwacho Kiungani, kilichohaririwa na A. C. Madan wa misheni ya UMCA. Kina masimulizi ya vijana waliokuwa katika shule za misheni hiyo Zanzibar, wengi wao wametolewa kwenye biashara ya utumwa, wakieleza kwao ni wapi na walikamatwaje. Yaliandikwa na wanafunzi, watu ambao wakati ule hakuna ofisi ingewahesabu kuwa wakubwa. Leo mwanahistoria anayetaka kusikia sauti ya mtoto aliyetekwa, badala ya sauti ya aliyemteka au aliyemkomboa, ana mahali pachache mno pa kwenda, na kitabu hicho ni mojawapo.

Kwa hiyo hayo madaftari ya shamba uliyoyataja kwa kupita tu, mimi yananivutia kuliko kitabu cha wageni. Baada ya sera ya Elimu ya Kujitegemea kutangazwa Machi 1967, vyuo vya ualimu vilitakiwa kulima na kufuga. Hotuba tunazo zote. Zimechapwa na zitaendelea kuchapwa. Tusicho nacho ni maelezo ya kila wiki ya namna jambo lile lilivyokwenda: magunia mangapi yalivunwa, nani alitoroka zamu ya kupalilia, miaka ya ukame ya 1973 na 1974 bwalo lilikula nini na unga ulitoka wapi. Rejista za katikati ya miaka ya 1970 nazo zitaonyesha jinsi walimu walivyoandaliwa kwa haraka kabla ya Elimu ya Msingi kwa Wote ya 1977. Majalada ya 1978 na 1979 huenda yakawa na barua za wakufunzi au wanachuo waliokwenda Vita vya Kagera. Hayo yote yako, kama yako, kwenye karatasi zisizo na muhuri wowote wa kuvutia.

Ushauri wangu basi ni kwamba usichague. Siyo sasa. Hamisha kila kitu, orodhesha kila kitu, na uchambuzi uje baadaye pamoja na mtaalamu wa Idara. Najua vitakavyokuja kuondolewa kwa kibali: nakala tano za waraka ule ule, fomu tupu, stakabadhi za sabuni, rundo la karatasi za majibu ya majaribio. Vyaweza kusubiri. Rejista za wanachuo, vitabu vya mihtasari, kitabu cha kumbukumbu za kila siku cha mkuu wa chuo kama kipo, ramani na hati za ardhi, picha na mitaala ya zamani haviondoki kamwe, hata aje nani. Hati za ardhi nitazirudia mara ya pili: chuo kilichotwaliwa kutoka kwa misheni, chenye mashamba yanayopakana na kijiji, kitazihitaji mahakamani kabla hakijazihitaji kwenye maonesho.

Tuje kwenye kuhamisha. Kabla hujagusa chochote, ingia na simu, upige picha rafu kwa rafu, kutoka mlangoni kuelekea ndani, na kila rafu uipe namba kwa chaki. Wanaosomea kazi hii hufundishwa kanuni mbili kabla ya nyingine zote. Ya kwanza, makaratasi yaliyotoka ofisi moja yasichanganywe na ya ofisi nyingine. Ya pili, mpangilio ulioachwa na waliozitumia usivunjwe. Utashawishika kuzipanga upya, barua zote za mwaka 1962 pamoja, picha zote pamoja. Usifanye. Barua iliyofungwa ndani ya jalada la ujenzi wa bweni inaeleweka kwa sababu ya barua zilizo juu na chini yake. Ukiitoa inakuwa karatasi tu yenye tarehe. Ukikuta picha katikati ya jalada, iache humo na uandike kwenye orodha kwamba ipo.

Orodha yenyewe iwe rahisi. Daftari la kaunta lenye mistari linatosha kuanzia: namba ya boksi, ilikotoka (rafu ya ngapi), ni kitu gani, mwaka wa kwanza na wa mwisho, hali yake, na maelezo mafupi. "Rejista ya wanachuo, 1954 hadi 1961, jalada limeng'oka, kurasa za mwisho zimeliwa." Mstari mmoja kwa kila kitabu au jalada, usijaribu kueleza kila barua. Ukimaliza, piga chapa, toa nakala tatu, Mkuu asaini zote: moja ibaki ofisini kwake, moja kwenye boksi la kwanza, moja itoke nje ya chuo pamoja na ile barua ya kwenda Idarani.

Hiyo nakala ya nje ya chuo usiipuuze. Usiku wa kuamkia Septemba 20, 2020, moto uliteketeza sehemu kubwa ya Jengo Kuu la Chuo Kikuu cha Makerere, zilimokuwa ofisi za utawala. Miezi saba baadaye, Aprili 18, 2021, moto ulioshuka kutoka mlimani uliunguza chumba cha kusomea cha Jagger katika Chuo Kikuu cha Cape Town, chenye mkusanyiko mkubwa wa vitabu na nyaraka za Afrika. Kule Cape Town milango ya kuzuia moto ilijifunga, maghala ya chini yakanusurika na ndimi za moto, kisha yakaingiwa na maji ya zimamoto. Hivi ni vyuo vikuu vyenye wahandisi na bima. Nyinyi mna paa la bati na waya za umeme za zamani. Jambo la chini kabisa mnaloweza kumudu ni kujua mlikuwa na nini.

Chumba kipya kisiwe chini ya tangi la maji, kisipakane na choo wala jiko, na kiwe na dirisha linalofunguka. Huku kwetu Tanga adui wa kila siku ni unyevu. Hewa ikishapita asilimia 65 ya unyevu na ikatulia, ukungu unaota. Hewa inayotembea inasaidia kuliko chumba kilichozibwa. Kipima unyevu kidogo hakina bei ya kutisha, muombe mkufunzi wa Sayansi akutafutie. Rafu ziwe za chuma kama mtazipata, zikae mbali na ukuta kiasi cha upana wa kiganja, na rafu ya chini iwe juu ya sakafu walau sentimita 15. Kwa maboksi, kusanya yale ya rimu za karatasi za A4 yenye mifuniko, ambayo kila ofisi huyatupa. Usitumie ya samaki, ya sabuni wala ya mafuta. Funga majalada yaliyolegea kwa utepe wa pamba. Mpira huyeyuka kwa joto na kugandia karatasi.

Mchwa hawaishi kwenye karatasi, wanatoka ardhini na kupitia njia zao za udongo ukutani. Vunja njia hizo, toa vitabu vilivyoliwa ukavikung'ute nje kivulini, na mtu wa dawa atibu msingi wa jengo. Dawa isipulizwe kwenye vitabu hata tone. Mafuta ya taa hapana. Naftalini nazo hapana: hazimfukuzi mchwa, na wewe ndiye utakayekaa humo ukizivuta. Kitabu chenye wadudu wadogo waliotoboa kurasa kifunge ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, ukiweke kwenye friza kwa wiki mbili, kisha ukiache kiyeyuke siku nzima kabla ya kufungua mfuko. Hili linafaa tu kama umeme wenu haukatikikatiki na kama mpishi wa bwalo hatakasirika.

Karatasi zilizolowa zianikwe ndani penye upepo, zisipelekwe juani. Pini zilizoota kutu zitoe polepole, na karatasi zake uzishike pamoja kwa kuzifunika na karatasi safi iliyokunjwa. Selotepu usiiguse kabisa. Gundi yake hugeuka kahawia, hupenya karatasi na haitoki tena. Laminesheni ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu inavutia macho. Nimeona hati ya kuanzishwa kwa chuo kimoja ikiwa imelaminishwa kwa nia njema kabisa na kutundikwa mbele ya dirisha, na wino wake umebaki kama mvuke. Kama mnataka hati ya ukutani, tundikeni nakala. Chochote utakachoandika kwenye nyaraka, andika kwa penseli laini.

Sasa mwenzako wa TEHAMA. Usimkatishe tamaa, utamhitaji. Lakini mpe zamu ya mwisho foleni. Kuskani kabla ya kuorodhesha ni kuzalisha maelfu ya mafaili yanayoitwa IMG na namba, ambayo baada ya miaka miwili hakuna atakayejua ni ya nini. Na hilo la kutupa karatasi baada ya kuskani lina majibu mawili. La kisheria nimeshalitoa: kibali. La kazi ni kwamba rejista ya 1954 imeishi miaka yote hiyo kwenye stoo chafu bila kuhudumiwa na mtu, na bado inasomeka. Flashi iliyosahauliwa kwenye droo haitavumilia hata robo ya muda huo, na hata ikivumilia, kompyuta yenye tundu la kuichomeka huenda haitakuwepo.

Orodha ikishakamilika, muache aanze na vitu vinavyoshikwashikwa mno na vinavyokaribia kusambaratika, yaani rejista na picha. Skana bapa ya kawaida inatosha kwa karatasi moja moja, nukta 300 kwa inchi kwa maandishi na 600 kwa picha, faili kuu zihifadhiwe kwa TIFF na za kutumia kila siku kwa PDF. Kitabu kilichoshonwa kisibanwe kwenye skana, mgongo wake utapasuka. Kipigwe picha kwa kamera au simu nzuri iliyofungwa kwenye stendi, kwa mwanga wa dirishani. Jina la faili lianze na namba ya boksi iliyoko kwenye orodha yako, ili faili lijue karatasi yake iko wapi. Nakala ziwe tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na mojawapo isilale chuoni. Kundi la WhatsApp la wahitimu lisihesabiwe kama hifadhi, kwa sababu lile huibana picha na kuipunguzia ubora kila inapotumwa. Na tafadhali kitabu kisipelekwe kuskaniwa steshenari mjini. Kitasahaulika kwenye kaunta, na kilichoskaniwa kitabaki kwenye kompyuta ya watu.

Hilo linanifikisha kwenye majalada ya nidhamu, uliyoyataja katikati ya sentensi kama vile ni madaftari mengine tu. Yatenge katika boksi lenye kufuli, siku ya kwanza. Humo mna wasichana waliofukuzwa kwa ujauzito, vijana walioshukiwa wizi ambao haukuthibitishwa, barua za daktari, barua za baba kumwomba Mkuu msamaha. Wengi wa watu hao wako hai. Wengine ni mabibi wenye wajukuu katika chuo hicho hicho, na siri hiyo walishaizika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeweka masharti juu ya nani ashike na nani aone taarifa za mtu, na chuo hakina ruhusa ya kuzianika kwa kisingizio cha historia. Orodhesha jalada kwa mwaka na namba, bila jina. Yasiskaniwe kwa sasa. Mtafiti akija, na watakuja, ombi lake lipitie kwa Mkuu kwa maandishi. Lakini yasichomwe pia: siku moja mmoja wa wale waliofukuzwa anaweza kuja kudai kuwa alionewa, na jalada ndilo litakalomsafisha.

Kanisa nalo litakuja, kama halijaja. Dayosisi zina hamu ya hati na vitabu vya enzi za misheni, na huenda wakasema vyote vya kabla ya utwaaji ni mali yao. Wapeni nakala, kwa furaha, na muwaombe nakala za walivyo navyo. Asili isigawanywe, kwa maana chuo ni kile kile kabla na baada ya serikali kuingia, na mara nyingi hata daftari liliendelea kutumika lile lile, mwandiko tu ukabadilika.

Na kama mna mapengo, tafuteni nje pia. Wamisheni walikuwa waandishi wa barua wasiochoka, na makao makuu yao yalizitunza. Kama waasisi wenu ni UMCA, karatasi zao ziko Maktaba ya Bodleian, Oxford, pamoja na za USPG, shirika lililozaliwa UMCA ilipoungana na wenzao mwaka 1965. Za misheni ya CMS ziko Chuo Kikuu cha Birmingham. Wasomaji wangu wa vyuo vyenye asili ya Kilutheri, msione wivu: za misheni ya Leipzig ziko Halle, na za misheni ya Bethel iliyofanya kazi Usambara ziko Wuppertal, zote Ujerumani. Barua pepe moja yenye miaka na majina ya mahali inaweza kuwaletea orodha ya yaliyomo. Karibu zaidi kuna Nyaraka za Taifa pale Upanga, Dar es Salaam, zenye majalada ya Idara ya Elimu ya wakoloni, na Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam yenye mkusanyiko wa Afrika Mashariki. Huko muulizie Mambo Leo, gazeti la mwezi lililoanzishwa na Idara ya Elimu mwaka 1923, lililokuwa likipenda kuandika habari za shule, michezo na walimu. Mnaweza kukuta humo timu yenu ya mpira, majina yote kumi na moja.

Fedha hujaniuliza ila nimeisikia. Kazi niliyoeleza mpaka kwenye orodha inahitaji maboksi ya kuokota, daftari, penseli, barakoa za vumbi na muda. Wanachuo wako wa Historia wafanye sehemu yake kama mazoezi, wawili wawili, ukiwasimamia. Watajifunza chanzo cha msingi ni nini vizuri zaidi kuliko kwa mihadhara yako yote, samahani. Andikia pia Chuo cha Utumishi wa Umma, kampasi ya Tabora, ambako fani ya utunzaji kumbukumbu inafundishwa. Wanafunzi wao wanahitaji mahali pa mafunzo kwa vitendo, na nyinyi mna stoo nzima. Baadaye kabisa, mkiwa na orodha nzuri, mnaweza kuomba mfuko wa nje kama ule wa Maktaba ya Uingereza unaosaidia nyaraka zilizo hatarini, ulioanza 2004. Masharti yake yananipendeza: nyaraka asilia hazitoki nchini. Lakini bila orodha msipoteze muda kujaza fomu zao.

Imebaki kamati ya jubilei. Kitabu cha wageni usiwape. Wapigie picha kurasa wanazozitaka, zichapwe kubwa, ziwekwe kwenye fremu, zitapendeza kuliko kitabu chenyewe kilichofunikwa na kioo. Vitu huondoka siku za sherehe, na huondoka na watu wenye heshima zao: mgeni rasmi akiona saini ya baba yake atakiomba "akakionyeshe nyumbani", na nani atamkatalia mbele ya kamera? Mwenyekiti wa kamati akinuna, mwonyeshe dokezo lako lenye saini ya Mkuu.

Badala yake waombe wao wakufanyie kitu kimoja, kwa sababu siku hiyo ndiyo pekee ambayo wazee wote watakuwa mahali pamoja. Zile picha zisizo na majina zitolewe nakala kubwa za karatasi ya kawaida, kila moja na namba yake ya boksi. Zitandazwe kwenye meza ndefu karibu na mahali pa chai, si karibu na jukwaa, na penseli ziwe nyingi. Waandike juu ya nakala wanayoyakumbuka: jina, jina la utani, kijiji, aliyefariki, aliyeoana na nani. Watabishana, acha wabishane, na muweke mwanachuo mmoja kila mwisho wa meza anayenakili kila wanalosema, hata yanayopingana. Pembeni mwa kila jina aandike jina la aliyelitaja na mwaka aliohitimu. Mwenye mengi ya kusema mchukue namba ya simu, umfuate nyumbani wiki inayofuata na kinasa sauti, kabla hajasafiri.